Shajara ya mradi: Mfumo wa taarifa kwa ajili ya maamuzi ya ununuzi na akiba

Wiki ya 1

Mradi umeanza rasmi kwa hati ya kurasa mbili iliyotiwa saini na mkurugenzi mtendaji. Hati hiyo inatutaka tujenge mfumo wa taarifa utakaowasaidia mameneja kufanya maamuzi kwa haraka na kwa usahihi, kisha inaorodhesha ripoti kumi na saba ambazo idara za ununuzi, mauzo, fedha na ghala zimeziomba. Nimeisoma mara tatu nikitafuta uamuzi hata mmoja ambao mtu fulani, katika siku fulani, anapaswa kuufanya, nami sikuupata. Ripoti zimeelezwa kwa kina hadi rangi za majedwali, lakini hakuna mahali palipoandikwa nani ataisoma ripoti ipi, na akishaisoma atatenda nini ambacho asingekitenda bila kuisoma. Naliandika jambo hili mwanzoni kwa sababu nadhani lina uzito kuliko suala la aina ya hifadhidata, ambalo ndilo lililokula saa mbili za kikao cha uzinduzi.

Kwa kumbukumbu, kampuni inauza vipuri vya mashine za viwandani kutoka maghala matatu. Tatizo lililozaa mradi lina pande mbili zinazoonekana kupingana: vipuri vinavyohitajiwa haraka huisha mara kwa mara, ilhali rafu zimejaa vipuri visivyotoka. Mkuu wa fedha anataka akiba ipunguzwe, mkuu wa mauzo anataka iongezwe, na kila mmoja ana ripoti inayomuunga mkono. Nimezikagua ripoti zote mbili. Zote ni sahihi.

Wiki ya 2

Nimewahoji wakuu wa idara na wasaidizi wao, mmoja mmoja, kwa maswali matatu tu. Wiki iliyopita uliamua nini? Uliangalia nini kabla ya kuamua? Ni namba gani, kama ingekuwa tofauti, ingekufanya uamue vingine? Swali la kwanza lilijibiwa kwa urahisi na la pili kwa kusitasita. La tatu liliwakwamisha karibu wote, isipokuwa mnunuzi mkuu, ambaye alifungua droo akatoa daftari lenye kurasa zilizochakaa, akaniambia, "Hii hapa ndiyo ripoti yangu." Ndani yake ameandika kwa mkono, kwa kila kipuri anachokiona kuwa cha hatari, kiasi kinachobaki ghalani kinachomfanya anyanyue simu na kuagiza. Daftari hilo halimo katika orodha ya ripoti kumi na saba.

Mazungumzo haya yamenirudisha kwa Herbert Simon, mtafiti wa Marekani wa namna watu wanavyoamua, ambaye mwaka 1960 aliugawa uamuzi katika hatua tatu: kutambua kwamba pana jambo la kuamuliwa, kubuni njia zinazowezekana, na kuchagua mojawapo. Ripoti zote tulizoombwa zinaishia kwenye hatua ya kwanza. Zinamwambia meneja kwamba mauzo yameshuka au akiba imepanda, kisha zinamwacha peke yake katika hatua mbili zilizobaki, ambazo ndizo ngumu. Simon alitofautisha pia maamuzi yanayojirudia, ambayo yanaweza kuwekewa utaratibu, na yale yasiyo na kanuni iliyo tayari. Mwaka 1971, Anthony Gorry na Michael Scott Morton waliichukua tofauti hiyo, wakaiunganisha na ngazi tatu za uongozi alizozieleza Robert Anthony mwaka 1965, yaani mipango ya muda mrefu, usimamizi wa rasilimali, na uendeshaji wa kila siku, wakapata jedwali ambalo kila uamuzi wa kampuni unaweza kupewa chumba chake.

Tumelichora jedwali hilo ukutani na kubandika humo vikaratasi vya maamuzi yote yaliyotajwa katika mahojiano. Uamuzi wa kuagiza kipuri cha kawaida umekaa kwenye kona ya mambo ya kila siku yenye kanuni. Uamuzi wa kufunga mojawapo ya maghala umekaa kona ya pili kabisa, pasipo na kanuni. Kati yao kuna kundi kubwa ambalo sehemu yake inahesabika na sehemu yake inahitaji busara ya mtu anayeijua kazi, na hapo ndipo mfumo wa kusaidia maamuzi unapokuwa na kazi ya kufanya. Penye kanuni kamili mashine inaweza kuachiwa, na pasipo na kanuni yoyote mashine inaweza kupendeza macho tu.

Wiki ya 3

Kikao na kamati ya usimamizi kilikuwa kizito. Nilipendekeza ripoti kumi na saba ziwekwe kando na tuanze na uamuzi mmoja: kwa kila kipuri, tuagize lini na tuagize kiasi gani. Mjumbe mmoja aliuliza kwa haki kabisa inakuwaje mradi wa taarifa uanze kwa kupunguza taarifa. Nilimjibu kwa hoja ya Russell Ackoff, mtaalamu wa mifumo na uongozi, aliyeandika mwaka 1967 kwamba waliobuni mifumo ya taarifa walidhani tatizo la mameneja ni uhaba wa taarifa wanazozihitaji, wakati tatizo kubwa zaidi ni wingi wa taarifa wasizozihitaji. Alionya pia kwamba meneja asiyeelewa jinsi anavyoamua ataomba kila kitu, kwa tahadhari tu, na mbuni wa mfumo anayeelewa pungufu kuliko meneja atampa kila kitu na zaidi. Orodha yetu ni ushahidi wa kutosha.

Kamati imekubali kwa sharti kwamba ripoti zilizoahirishwa zirudi mezani mradi utakapotimiza miezi minne. Nimeandika sharti hilo katika kumbukumbu za mradi, ingawa nina hisia kwamba nusu ya ripoti hizo hakuna atakayezikumbuka.

Wiki ya 4 na ya 5

Tumehamisha data za miaka mitatu kutoka mfumo wa uhasibu, mfumo wa ghala na lahajedwali nyingi za ununuzi. Kama ilivyotarajiwa, kipuri kilekile kina misimbo miwili au mitatu, kwa sababu kila ghala lilijisajilia bidhaa lenyewe kabla ya mifumo kuunganishwa. Fani (beringi) moja ya mashine ilionekana imeisha chini ya msimbo mmoja na imejaa chini ya mwingine, na kampuni ilikuwa imeiagiza upya kwa dharura huku ikiwa nayo rafuni. Kazi ya kuunganisha misimbo ni ya kuchosha na haina la kusimulia, ila niseme kwamba haiwezi kufanywa na programu peke yake. Watunza ghala wawili walikaa nasi siku nane wakilinganisha maelezo na vipuri vyenyewe, na bila wao tungeunganisha vitu vinavyofanana jina tu.

Wiki ya 6

Wiki hii imetufundisha jambo ambalo sikulitarajia, hivyo nitalieleza kwa urefu.

Ili kujua lini kipuri kiagizwe, ni lazima kujua muda wa kusubiri mzigo, yaani siku zinazopita tangu oda itumwe hadi bidhaa ifike ghalani. Mfumo una tarehe zote mbili, kwa hiyo hesabu ilikuwa ya kutoa tu. Mwenzangu alipochora matokeo, mchoro ulitoka wa ajabu: muda wa kusubiri ulikuwa siku 11, au 18, au 25, na karibu haukuwa kamwe 14 wala 20. Tulishuku kosa la programu, tukaikagua siku nzima, tukaikuta haina kosa. Jibu lilipatikana tulipoziangalia tarehe zenyewe badala ya tofauti zake. Oda zote hutumwa Jumatatu, jambo tulilolijua. Hati za kupokea bidhaa, kwa mujibu wa mfumo, zote ni za Ijumaa, jambo ambalo hakuna aliyelijua isipokuwa karani anayeziingiza. Mizigo hufika siku yoyote, hati hurundikana kwenye kisanduku, naye huziingiza zote siku moja kabla ya mwisho wa wiki, na mfumo huandika tarehe ya kuingizwa kana kwamba ndiyo tarehe ya kufika.

Karani hana kosa. Ndivyo alivyoelekezwa, na kwa uhasibu wa mwisho wa mwezi tofauti ya siku tatu au nne haina madhara. Tatizo ni kwamba data iliyokusanywa kwa ajili ya uamuzi mmoja imeazimwa kwa ajili ya uamuzi mwingine, na mwazimaji hakuuliza ilikusanywaje. Mhasibu aliihitaji tarehe ili ajue ankara ni ya mwezi gani, sisi tunaihitaji ili tujue msambazaji anachelewa kiasi gani, na neno "tarehe ya kupokea" limebeba maana zote mbili bila kulalamika.

Tumepata tarehe za kweli mahali pasipotarajiwa. Walinzi wa getini huandika kila gari linaloingia, saa ya kuingia na namba ya hati ya mzigo. Vitabu vyao vya mwaka mzima vimenakiliwa na vijana wawili wa muda, na kuanzia sasa hati ya kupokea itakuwa na tarehe mbili, ya kufika na ya kuingizwa, na ya kwanza itajazwa palepale mlangoni pa ghala. Mkuu wa ghala amesema kwa utani kwamba mfumo bora wa taarifa katika kampuni ulikuwa mlinzi mwenye kalamu. Sijaona sababu ya kumpinga.

Wiki ya 7

Tumekutana na mtego wa pili, ambao ni mkubwa kuliko wa kwanza. Mfumo unahifadhi mauzo, lakini uamuzi wa kuagiza unahitaji kujua mahitaji, na hivi si kitu kimoja. Kipuri kikiisha kwa wiki tatu, mauzo ya wiki hizo ni sifuri, na hesabu ya wastani inayasoma kana kwamba wateja hawakukitaka. Makadirio ya mwezi unaofuata yanashuka, oda inapungua, kipuri kinaisha mapema zaidi, na wastani unashuka tena. Baadhi ya vipuri ambavyo ripoti za zamani ziliviita "visivyotoka" viliwahi kutoka vizuri sana hadi pale vilipokosekana. Tumeanza kuziondoa katika hesabu siku ambazo ghala lilikuwa tupu, na dawati la mauzo limepewa kitufe cha kuandika ombi lisilotimizwa, ili mteja aliyekosa aache alama katika data.

Kuna hatari ya upande wa pili pia, nami nimeiandikia kamati waraka mfupi kuihusu. Mteja anayeogopa kukosa huagiza sehemu mbili au tatu kwa wakati mmoja, na mfumo unaweza kuyahesabu mahitaji ya mtu mmoja mara kadhaa. Kisa kinachojulikana ni cha kampuni ya Cisco, iliyosifiwa kwa mifumo iliyoiwezesha kufunga hesabu zake ndani ya siku moja, lakini mwaka 2001 ililazimika kufuta thamani ya akiba ya zaidi ya dola bilioni 2. Mojawapo ya sababu zilizotajwa ni oda zilizojirudia katika mnyororo wake wa ugavi wakati soko la vifaa vya mawasiliano likianza kuporomoka. Taarifa zilikuja kwa kasi kubwa, lakini kasi hiyo haikuzuia mahitaji yaleyale yasihesabiwe zaidi ya mara moja.

Wiki ya 8

Seva ya majaribio ilikufa Jumanne na kufufuka Ijumaa. Hakuna cha kuripoti zaidi ya kwamba nakala rudufu zilikuwepo na zimefanya kazi.

Wiki ya 9 na ya 10

Sasa tumefika kwenye hesabu zenyewe. Swali la kiasi cha kuagiza lina jibu la zamani, kanuni aliyoitoa mhandisi wa Marekani Ford Harris mwaka 1913: zidisha mahitaji ya mwaka kwa mbili, zidisha tena kwa gharama ya kutuma oda moja, gawanya kwa gharama ya kutunza kipuri kimoja mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kipuri chenye mahitaji ya 1,200 kwa mwaka, gharama ya oda 50 na gharama ya kutunza 3, kinapaswa kuagizwa 200 kwa mara moja, na gharama za kuagiza na kutunza kwa pamoja zinakuwa 600 kwa mwaka.

Mnunuzi mkuu aliitazama namba hiyo kwa mashaka, akasema msambazaji wake hauzi chini ya 300. Tulihesabu mbele yake. Akiagiza 300 gharama inakuwa 650, yaani nyongeza ya takriban asilimia 8, ingawa kiasi kimezidi kile kilichopendekezwa kwa nusu nzima. Ulimtoka mguno wa kuridhika. Hili ni jambo ambalo ripoti ya kawaida isingemwonyesha: si jibu lililo bora tu, bali pia gharama ya kuliacha. Mfumo unaotoa namba moja humfanya meneja achague kati ya kutii na kupuuza, lakini ukimwonyesha umbo la gharama pembeni mwa namba hiyo, anajua pale anapoweza kujadiliana na pale asipoweza. Kuanzia sasa kila pendekezo la mfumo litaonyeshwa pamoja na gharama ya kulizidisha na kulipunguza.

Swali la lini ndilo lililotuletea mshangao. Kipuri kingine tulichokichukua kwa mfano kinauzwa wastani wa 4 kwa siku, na muda wa kusubiri mzigo ni wastani wa siku 15, kwa hiyo 60 zinahitajika kufunika kipindi cha kusubiri. Juu yake inaongezwa akiba ya tahadhari, kwa sababu mauzo hupanda na kushuka, na mizigo huwahi na kuchelewa. Mtawanyiko (mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho namba kwa kawaida huachana na wastani wake) wa mauzo ya siku moja ni 2, na mtawanyiko wa muda wa kusubiri, kwa tarehe za vitabu vya getini, ni siku 5. Tukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kutoishiwa kabla mzigo haujafika, akiba ya tahadhari inakuwa 35, hivyo oda itumwe zinapobaki 95.

Hapo ndipo mwenzangu alipouliza swali ambalo halikuwa kwenye mpango wa kazi: kati ya mashaka haya mawili, lipi linatugharimu zaidi? Tulipunguza mashaka ya mauzo kwa nusu, kana kwamba tumenunua programu bora ya makadirio. Akiba ya tahadhari ilishuka kutoka 35 hadi 34. Kisha tukayarudisha mashaka ya mauzo kama yalivyokuwa na kupunguza kwa nusu mashaka ya muda wa kusubiri, kana kwamba msambazaji ameanza kushika ahadi zake. Akiba ikashuka hadi 21. Tulirudia zoezi hilo kwa vipuri mia mbili vinavyotoka sana, na kwa vingi vyake picha ikawa ileile.

Sababu yake si ngumu. Kupanda na kushuka kwa mauzo ya siku moja hufidiwa kwa sehemu na siku nyingine ndani ya kipindi cha kusubiri, lakini kuchelewa kwa mzigo hakufidiwi na chochote, kwani kila siku ya kuchelewa huongeza mauzo ya siku nzima. Hata hivyo, katika kampuni hii fedha zilikuwa zimetengwa kununua programu ya makadirio ya mauzo, na hakuna senti iliyotengwa kwa ajili ya mikataba ya wasambazaji. Nimepeleka matokeo kwa kamati. Ununuzi wa programu umesimamishwa, na mnunuzi mkuu ametumwa kujadili upya masharti ya siku za kufikisha mizigo na wasambazaji watano wakubwa, akiwa na rekodi ya kila mmoja mkononi.

Nataka iandikwe wazi kwamba uamuzi huu haukuwa kwenye orodha yoyote. Hakuna aliyeomba ripoti yake, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba pana jambo la kuamuliwa, na ni hatua ileile ya kwanza ya Simon, ambayo nililalamika wiki ya 2 kwamba ripoti zinaishia hapo. Narekebisha kauli yangu kidogo: ripoti zilikuwa zikitambua dalili, si jambo lenyewe.

Tahadhari moja ya kitaalamu: kanuni hizi hazifai kwa vipuri vinavyouzwa mara mbili au tatu kwa mwaka, ambavyo ni vingi kwa idadi. Kwa hivyo tunatumia njia iliyopendekezwa na J. D. Croston mwaka 1972, inayokadiria kando ukubwa wa kila ombi na muda unaopita kati ya ombi na ombi, badala ya kuchanganya sifuri nyingi na namba chache katika wastani mmoja usio na maana.

Wiki ya 12

Toleo la kwanza la skrini limekataliwa na watumiaji, na walikuwa sahihi. Tulikuwa tumeweka vipuri vyote, vipimo vyote na michoro sita, yaani tulikuwa tumezirudisha kwa mlango wa nyuma zile ripoti kumi na saba. Mnunuzi msaidizi alisema aliitazama kwa dakika kumi kisha akarudi kwenye lahajedwali yake.

Toleo la pili linaonyesha yale tu yanayohitaji jibu leo. Mfano mzuri wa fikra hii ni wa zamani kuliko skrini. Kampuni ya Uingereza ya J. Lyons, iliyoendesha kompyuta yake ya LEO tangu 1951, ilianza miaka michache baadaye kuitumia kwa oda za kila siku za migahawa yake. Kila mgahawa ulikuwa na oda yake ya kawaida iliyokwisha kuhifadhiwa, na msimamizi wake alipigiwa simu ili ataje tofauti tu, ziada au pungufu. Yasiyobadilika hayakuzungumzwa. Kwetu pia, kipuri kilicho ndani ya mipaka yake hakitaonekana kabisa, na asubuhi ambayo skrini ni tupu itahesabiwa kuwa asubuhi njema, ingawa mjumbe mmoja wa kamati aliuliza kama skrini tupu ndiyo tuliyoilipia.

Wiki ya 13

Tumeujaribu mfumo kwa data za mwaka uliopita, tukiulazimisha kuamua kila Jumatatu kwa kutumia yale tu yaliyokuwa yanajulikana Jumatatu hiyo. Jaribio la kwanza lilitoa matokeo mazuri kupita kiasi, nasi tulipochunguza tukakuta hesabu ya muda wa kusubiri ilikuwa imechungulia mizigo iliyofika baadaye. Jaribio lililosahihishwa ni zuri kwa kiasi cha kuaminika: vipuri vinavyotoka sana vingeisha mara chache zaidi, na akiba ya jumla isingepanda. Kwa vipuri vya polepole tofauti ni ndogo.

Wiki ya 15

Majaribio ya kweli yameanza katika ghala moja. Mfumo unapendekeza, mnunuzi anaamua, na akibadilisha pendekezo anatakiwa kuandika sababu kwa sentensi moja. Sharti hili la mwisho lilipingwa kwa madai kwamba ni upelelezi. Nimeahidi kwa maandishi kwamba sababu hizo hazitatumika katika tathmini ya mtumishi yeyote, na mkuu wa rasilimali watu ametia saini.

Sababu zilizoandikwa katika wiki mbili zina thamani kuliko nilivyotarajia. Baadhi ni mazoea tu, kama vile "huwa tunaagiza zaidi". Nyingine ni maarifa ambayo hayamo katika hifadhidata yoyote: mteja mkubwa anafunga mtambo kwa matengenezo mwezi ujao, msambazaji anabadilisha muundo wa kipuri, kiwanda fulani kinaenda likizo ya wiki tatu. Tumeanza kuyapa mambo hayo mahali pake katika mfumo, ili safari ijayo yawe data na si kumbukumbu ya mtu mmoja. Daftari la mnunuzi mkuu nalo limeingizwa, kwa ridhaa yake, na mipaka yake mingi imekaribiana sana na ya mfumo. Pale zinapotofautiana kwa mbali tunachunguza pande zote mbili, na hadi sasa daftari limeshinda mara nyingi kiasi cha kutunyenyekeza.

Wiki ya 17

Limejitokeza tatizo lisilo la kompyuta. Wanunuzi wasaidizi wanaendelea kuagiza kiasi kikubwa kuliko pendekezo, hata pale gharama ya kuzidisha inapoonyeshwa kuwa kubwa, na sababu wanazoandika ni "punguzo la bei". Tumegundua kwamba wanapimwa kwa bei ya wastani ya kila kipuri wanachonunua, wakati gharama ya kutunza inahesabiwa kwa idara ya ghala. Mtu anayeagiza mara tatu ya mahitaji na kupata punguzo dogo anasifiwa, na anayelipa gharama ni mwingine. Mchumi Charles Goodhart alieleza mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika pindi unapotumiwa kama nyenzo ya kudhibiti. Kwetu sisi bei ya wastani ilikuwa ishara nzuri ya ununuzi mzuri hadi siku ilipogeuzwa kuwa kipimo cha mnunuzi.

Hakuna skrini itakayomshawishi mtu aamue kinyume cha kile anachopimwa nacho. Nimeomba kipimo kibadilishwe kuwa gharama yote ya kipuri, bei na utunzaji kwa pamoja, kihesabiwe na mfumo wenyewe. Mkuu wa fedha na mkuu wa mauzo, kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, wameunga mkono pendekezo moja. Mkuu wa ununuzi ameomba muda wa kulifikiria.

Wiki ya 18

Muda wa miezi minne umetimia na nimezirudisha ripoti kumi na saba mezani, kama nilivyotakiwa. Nne zimeombwa tena, mbili kati yake kwa sababu mkaguzi wa hesabu anazihitaji. Zilizobaki zimefutwa bila mjadala. Wasambazaji watatu kati ya watano wamekubali masharti mapya ya siku za kufikisha mizigo. Ghala la pili litaunganishwa wiki ijayo, baada ya tarehe mbili za kupokea kukaguliwa dhidi ya kitabu cha getini kwa siku kumi.

Jumatatu ya wiki hii mfumo ulipendekeza kuagiza 240 za kipuri kimoja cha pampu. Mnunuzi mkuu ameagiza 90 tu, akaandika: "Mteja mkubwa anabadilisha pampu zote, mafundi wake wameniambia, hawajatuandikia." Mfumo unatabiri kwamba kwa kiasi hicho tutaishiwa wiki ya 23. Pendekezo, uamuzi na sababu vimehifadhiwa pamoja, na vitafunguliwa wiki hiyo.